UZI: Dolphus Shields, seremala aliyezaliwa mtumwa Georgia, babu wa babu yake Michelle Obama

Mtoto_wa_Karakana:

Wakuu habari za jioni.

Kila mtu humu anaijua Kogelo. Ukimtaja Obama tu mtu anakupeleka Siaya, anakuonyesha nyumba ya bibi, anakutajia ukoo mzima wa upande wa baba. Ila upande wa Michelle huwa tunauruka, tunasema "Mmarekani mweusi wa Chicago" basi yameisha. Leo nataka niwaletee mzee mmoja anaitwa Dolphus Shields, babu wa babu yake Michelle kwa upande wa mama, kazi yake useremala. Nimekaa na habari zake muda mrefu kwa sababu mimi mwenyewe nimekulia karakana, mzee wangu anapiga randa mpaka leo, na kila nikisoma watu wanavyosimulia ile familia naona wanatoka kwa binti aliyeandikwa kwenye wosia kama mali wanaruka moja kwa moja mpaka Ikulu ya Marekani, na hapo katikati kuna mtu kasimama na msumeno wanampita kama hawamuoni.

Ni ndefu, vuteni viti.

Kwanza mama yake maana bila yeye huwezi kumuelewa. Aliitwa Melvinia. Mwaka 1850 huko Spartanburg, South Carolina, kulikuwa na mzee mwenye mali zake anaitwa David Patterson, akakaa akaandika wosia nani apate nini akishafumba macho. Kwenye mali hizo kuna magurudumu ya kusokotea nyuzi, kuna miundu, vitambaa vya meza, ng'ombe, na humo humo kuna mtoto wa kike wa miaka kama 6. Ndo Melvinia huyo. Baadae kidogo walipokuja kuthaminisha akaandikiwa dola 475.

Patterson akafa 1852, na binti akiwa na miaka kama 8 akatolewa kwa watu aliowazoea akapelekwa Georgia, kwa binti wa marehemu aliyeolewa na mtu anaitwa Henry Shields. Shamba lenyewe lilikuwa wilaya ya Clayton, kusini mwa Atlanta, ekari kama 200, wanalima ngano, mahindi, viazi vitamu na pamba. Watumwa watatu tu. Nalisema hili kwa sababu tukisikia utumwa wa Marekani tunaona lile jumba jeupe lenye nguzo na mamia ya watu shambani, wakati mashamba ya namna hii nayo yalikuwa mengi, mkulima wa kawaida na watu wake wawili watatu. Na msidhani ndo afadhali, shamba dogo hakuna pa kujificha, hakuna mabanda ya wenzako ukaenda kupumua jioni, jicho la mwenye nyumba liko juu yako tangu asubuhi mpaka unalala.

Mwaka 1859 hivi Melvinia akiwa na miaka kama 15 akajifungua mtoto wa kiume, ndo Dolphus. Baba alikuwa mzungu. Miaka ya karibuni wazao wa pande zote mbili wamepimwa DNA, majibu yakaelekea kwenye familia ya Henry Shields, na anayetajwa zaidi ni kijana wake Charles. Hapa naomba niseme mapema, msichana wa miaka 15 ambaye kisheria ni mali ya nyumba ile hana mahali pa kusema hapana, kwahiyo sitaki mtu aje humu aite yale mapenzi.

Dolphus akiwa na miaka 5 ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, Kaskazini na Kusini, ikafika wilayani kwao kabisa. Tarehe 31 Agosti na 1 Septemba 1864 jeshi la Sherman, jenerali wa Kaskazini, lilipigana Jonesborough, wilaya hiyo hiyo ya Clayton, likakata reli ya mwisho iliyokuwa inailisha Atlanta, na kesho yake mji ukaanguka. Kitu kingine ambacho mimi kilinigusa, tarehe 6 Desemba 1865 jimbo lililopiga kura ya kukamilisha hesabu ya kufuta utumwa kwenye katiba ya Marekani lilikuwa Georgia yenyewe. Mtoto alikuwa na miaka 6, umri ule ule mama yake alioandikwa kwenye wosia.

Nameza mate kidogo narudi.

---

mama_shamba:

Nimeweka kambi hapa. Hiyo ya miaka 6 na miaka 6 imeniumiza roho.

---

Msomaji wa Usiku:

Mkuu swali kabla hujaendelea. Hawa watu wamejulikanaje? Mimi nimewahi kutafuta babu zangu nikafika wa tatu nikakwama, sasa mtu ambaye alihesabiwa na ng'ombe jina lake limepatikanaje?

---

Mtoto_wa_Karakana:

Swali zuri sana mkuu. Sensa ya Marekani ya 1850 na ya 1860 zilikuwa na daftari la pembeni la watumwa, na kwenye daftari hilo jina linaloandikwa ni la mwenye mali. Chini yake wanaandika mwanamke, miaka kadhaa, mweusi. Mwanaume, miaka kadhaa, chotara. Basi. Kwahiyo mtu mweusi wa Kusini akirudi nyuma kutafuta wazee wake anatembea vizuri mpaka sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika walioachiwa huru kwa majina yao, akifika hapo anagonga ukuta. Ili avuke inabidi ajue nani alikuwa mmiliki, ndo aanze kupekua wosia, mirathi, hati za mauzo za huyo mtu. Melvinia tumempata kwa sababu jina lake lilibaki kwenye wosia. Halafu ongeza na hili, sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921 Washington, kwahiyo kuna shimo la miaka 20 kwa kila mtu, mweusi kwa mweupe.

Sasa hiyo 1870 ndo tunamuona Melvinia na watoto wanne, watatu wameandikwa chotara, yeye ni kibarua wa shamba, na ardhi anayofanyia kazi imepakana na ya Charles Shields. Miaka mitano baada ya uhuru bado yuko pale pale. Watu wanauliza kwanini hakuondoka siku ile ile. Angeenda wapi? Hana ardhi, hana nyumbu, hana senti, ana watoto mgongoni na mwingine mkononi. Na watoto wake wote waliitwa Shields.

Ila aliondoka. Akiwa mtu mzima wa miaka 30 au 40 hivi alihamia kaskazini magharibi, wilaya ya Bartow, karibu na mpaka wa Alabama. Na kule, wakuu, akaungana tena na watu wawili, Mariah na Bolus Easley, ambao walikuwa watumwa pamoja naye kwa Patterson kule South Carolina alipokuwa mtoto! Hebu fikiria, hakuna simu, wengi wao hawajui kusoma, walitawanywa kama mbegu, na bado walipatana. Dolphus akaja kumuoa binti yao, Alice Easley. Mimi kwenye habari yote hii hapa ndo huwa nasimama muda mrefu zaidi, maana ile mirathi iliwagawa watu na watu wenyewe wakaenda wakaunga udugu upya kwa ndoa.

---

mkulima_wa_bonde:

Mimi ni mkulima, nataka kuelewa. Huyu Dolphus kazaliwa shambani, mama yake mtu wa shamba, kwanini aliacha kilimo akashika useremala? Ardhi si ndo mali?

---

Mtoto_wa_Karakana:

Ardhi ni mali ukiwa nayo kaka. Baada ya vita weusi wengi wa Georgia na Alabama walilima ardhi ya mtu kwa kugawana. Mwenye shamba anakupa kipande, mbegu, nyumbu, kibanda, na wakati unasubiri mavuno unachukua unga na mafuta kwa mkopo dukani, mara nyingi duka ni lake au la mshirika wake, na daftari analishika yeye. Mwisho wa mwaka pamba inapimwa, nusu yake, nusu yako, kwenye nusu yako linakatwa deni. Unaambiwa bado unadaiwa, kwahiyo mwaka unaofuata hauondoki. Na pamba ndo wanayotaka ulime, mahindi ya kula unabana pembeni. Bei ya pamba ikishuka wewe ndo unashuka nayo. Watu walizeeka kwenye mzunguko huo, watoto wakaurithi.

Sasa mwenye ufundi ana njia nyingine. Mkono wake anauhamisha popote, na kazi akimaliza analipwa, hasubiri mavuno.

Na mji wenyewe ulikuwa unamuita. Birmingham, Alabama ilianzishwa 1871, yaani mtoto wa Melvinia alikuwa mkubwa kuliko mji. Pale kuna chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa vyote vimekaa karibu karibu, ndo mahitaji yote ya tanuru. 1880 mji ulikuwa na watu 3,086. 1890 wamefika 26,178. 1910 ni 132,685. Sasa wewe fundi niambie, mji unaotoka elfu 3 kwenda elfu 26 ndani ya miaka 10 unataka nini? Unataka paa, milango, sakafu, ngazi, madirisha, majeneza, vitanda. Dolphus na Alice walifika pale karibu 1888, yuko chini kidogo ya miaka 30, umri wa fundi kuwa na nguvu na akili kwa pamoja.

Sensa ya 1900 inamkuta anajua kusoma na kuandika na anamiliki nyumba yake mwenyewe. Tulieni hapo. Mama yake alikuwa kitu ndani ya mali ya mtu, yeye ana nyumba na jina lake ndo liko kwenye mstari wa mwenye nyumba. Kufika 1911 ana biashara yake, useremala na kunoa zana.

---

Fundi Kenchi:

Hapo kwenye kunoa zana umenigusa mkuu maana vijana wa siku hizi msumeno ukiwa butu wananunua mpya. Eleza kidogo watu waelewe hiyo kazi.

---

Mtoto_wa_Karakana:

Naeleza kama nilivyoiona kwa mzee wangu, na msumeno wa mkono wa enzi hizo ni ule ule.

Msumeno ukiwa butu unauona kabla hata ya kukata, vichwa vya meno vinang'aa, ukiuinua kwenye mwanga unaona vidoti vyeupe. Jino kali halirudishi mwanga. Unaubana msumeno katikati ya vibao viwili kwenye jiriwa, meno yametokeza kidogo tu juu ili usipige kelele na kutetemeka. Unapitisha tupa bapa juu ya meno yote ili urefu ulingane, maana jino likizidi wenzake ndo linalofanya kazi peke yake. Halafu unapinda meno, moja kushoto linalofuata kulia, kidogo sana, ili njia ya msumeno iwe pana kuliko bati lake usije ukanasa kwenye mbao. Ndo unachukua tupa ya pembetatu. Msumeno wa kupasua mbao kwa urefu unanolewa wima jino liwe kama patasi, wa kukata kwa upana unalaza tupa jino liwe kama ncha ya kisu. Jino moja moja, unaruka moja, ukifika mwisho unageuza unarudi na yaliyobaki. Mzee wangu alikuwa hatuambii tuangalie, anasema sikilizeni. Tupa ikikamata vizuri inatoa sauti moja tangu mwanzo mpaka mwisho, sauti ikibadilika umekosea pembe.

Kupima alikuwa anachukua sindano ya mama ya kushonea anailaza kwenye mfereji katikati ya meno ya kushoto na ya kulia, anainua mpini kidogo, sindano inateleza yenyewe mpaka ncha ya msumeno bila kudondoka. Ikidondoka njiani, rudia.

Sasa oanisheni hilo na mbao za kule Kusini. Paina yao ya zamani, ile yenye sindano ndefu, kiini chake ni kizito na kimejaa utomvu, ngumu kuliko paina tunayoijua huku. Utomvu unaganda kwenye bati, meno yanachoka haraka. Kwa hiyo mji mzima unajengwa kwa mbao inayomaliza misumeno, na kuna mzee ana kibanda cha kunoa.

Kibanda chake kilikuwa sehemu ya mji ya wazungu. Waliomfahamu walisema wazungu walikuwa wanakuja pale wanakaa wanapiga naye stori, na hii ni Birmingham, mji uliokuja kuwa na sifa mbaya kuliko yote kwa ubaguzi. Watu husimulia hilo kama muujiza wa tabia yake. Tabia alikuwa nayo sikatai, ila mimi niliyekulia karakana naona na kingine, msumeno hauachi ukaondoka ukarudi wiki ijayo, ukiwa na kazi inakusubiri unakaa kwenye kiti unangoja, na mtu anayengoja anaongea. Karakana yetu ndo ilikuwa hivyo hivyo, mwenyekiti wa kijiji na mlevi wanakaa benchi moja kwa sababu wote wana randa zinanolewa.

---

Daraja la Mbao:

Niongeze kidogo kwa ruhusa ya mwenye uzi. Dolphus hakuwa wa kwanza, Kusini ile mafundi weusi walikuwepo tangu utumwani na baadhi walikuwa wakubwa hasa. Tafuteni Horace King. Kazaliwa mtumwa South Carolina 1807, mmiliki wake alikuwa mkandarasi anaitwa John Godwin, 1832 wakaenda kujenga daraja juu ya mto Chattahoochee pale Columbus, Georgia. Madaraja yale mbavu zake ni mbao bapa zinazopishana mshazari kama wavu, na kila zinapopishana wanatoboa kwa keekee wanapigilia vigingi vya mti. Bunge la Alabama likampa uhuru 1846 kwa sheria maalumu, Godwin alipofariki 1859 King ndo akamjengea kaburi, na baada ya vita mtu huyu huyu akachaguliwa kuingia bunge lile la Alabama. Alikufa 1885, watoto wake wakaendelea na madaraja.

---

Mtoto_wa_Karakana:

Asante sana mkuu, hilo ni tofali muhimu. Mwajiri mzungu alikuwa haoni tabu mtu mweusi kushika boriti, tabu ilianza mtu mweusi alipotaka kushika karatasi ya kura. Katiba ya Alabama ya 1901 iliweka mtihani wa kusoma, masharti ya mali, na kodi ya dola 1.50 kwa mwaka ambayo usipolipa inalimbikizana mwaka hadi mwaka. Dolphus alikuwa na miaka zaidi ya 40, fundi, ana nyumba, anasoma. Katiba ile iliandikwa kwa ajili ya kuwafungia mlango watu kama yeye hasa.

Yeye nguvu akaziweka kanisani. Ni mmoja wa waanzilishi wa First Ebenezer Baptist na wa Trinity Baptist pale Birmingham, na shule ya Jumapili ya makanisa yote mawili alikuwa anaisimamia yeye. Makanisa hayo baadae yalishiriki kwenye harakati za haki za kiraia. Mtu mmoja aliyelelewa na Dolphus utotoni alikumbuka kwamba mifuko ya mzee haikukosa pipi za watoto. Alioa mara nne, maisha ya nyumbani hayakuwa mepesi, sitaki kumfanya malaika.

Na mtoto wake aliyemzaa na Alice, Robert Lee Shields, alioa 1906, akafanya vibarua na kazi za reli, halafu akiwa na miaka 32 hivi anapotea kabisa kwenye kumbukumbu. Hakuna karatasi nyingine. Kijana wa Robert, Purnell, ndo akaenda Chicago kama walivyofanya maelfu wa Kusini miaka ile, akawa fundi rangi wa majumba. Purnell akamzaa Marian, Marian akamzaa Michelle. Kwahiyo kwa hesabu zetu Michelle ni kilembwe cha Dolphus na kilembwekeza cha Melvinia. Na yule Marian, kitukuu cha seremala, alikaa Ikulu na wajukuu zake kipindi chote cha urais wa mkwewe.

---

mama_shamba:

Melvinia aliishia wapi?

---

Mtoto_wa_Karakana:

Aliishi sana dada yangu, alifariki 1938 Georgia, miaka tisini na kitu. Kwenye cheti chake cha kifo kuna nafasi ya majina ya baba na mama. Ndugu aliyejaza akaandika "sijui". 2012 kule Rex, Georgia, karibu na lilipokuwa shamba la Shields, waliweka jiwe la kumbukumbu lenye jina lake.

Dolphus yeye alifariki Juni 1950, miaka 91. Walioishi naye walisema alikuwa anaamini weusi na weupe iko siku watakaa pamoja. Tarehe 5 Juni 1950 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu tatu kwa siku moja dhidi ya ubaguzi, mbili za vyuo vikuu na moja ya mabehewa ya chakula kwenye treni, na gazeti la weusi la mji wake, Birmingham World, lililobeba habari ya kifo chake lilikuwa na hukumu hizo ukurasa wa mbele.

---

Fundi Kenchi:

Mkuu nimesoma yote mpaka mwisho, kazi nzuri. Mzee wako bado ananoa kwa kupima na sindano?

---

Mtoto_wa_Karakana:

Bado mkuu, macho yamepungua ila masikio yapo. Jumamosi naenda kijijini nimeshanunua daftari. Nataka aniambie nani alimfundisha kunoa, na huyo alifundishwa na nani, maana mpaka leo najua jina moja tu.